Laini ya Jina la Cucu

Kagio, 2 Februari 2025

Kwako Mama,

Nisamehe kwa kukaa kimya muda wote huu. Barua hii nimeianza mara nyingi, nikaikunja, nikawashia jiko. Kwanza sikujua kama ungetaka kusikia kutoka kwangu, halafu sikujua ningeituma na nani. Sasa nimempata Watiri, yule anayenunua ndizi huko Gakindu na kuzileta huku kuuza. Ameniambia bado unapeleka maziwa mwenyewe asubuhi, na goti limekuachilia kidogo. Nimefurahi. Ng'ombe je, alizaa? Na kile kikohozi kiliisha? Sisi tuko salama. Nikisema salama, naomba usichungulie sana ndani ya hilo neno.

Gacucu anakusalimia. Bado namwita hivyo, cucu mdogo, yaani nyanya mdogo kwa Kikuyu chenu, vile ulivyomwita mwenyewe siku tulipotoka naye hospitali. Ana jina lako, na mimi kwetu Vihiga jina la mama mkwe halitajwi ovyo, kwa hivyo ulitufanyia jambo zuri. Ameota meno ya juu. Akikasirika ananiuma bega halafu anaangalia kama nimeona.

Sitakueleza niliondoka kwa nini. Ulikuwa upande wa pili wa ukuta, ulisikia. Niliondoka asubuhi mwanao Wahome akiwa amepeleka mteja na pikipiki, nikabeba mtoto na nguo zake chache. Kwa haraka nikasahau vile viatu vyake vya chuma chini ya kitanda, na ndiyo shida ilianzia hapo. Unajua daktari alisema alale navyo kila siku, la sivyo ule mguu wa kushoto utarudi kujikunja kama alivyozaliwa. Ulianza kurudi. Nikampeleka kliniki ya miguu ya huku, wakachukua faili yetu kwa kompyuta, wakaanza kumfunga plasta upya. Kila Jumanne wanatoa hii wanaweka nyingine, wanaunyoosha kidogo kidogo.

Jumanne iliyopita nilipofika, Wahome alikuwa amekaa kwa benchi ya mlangoni, kofia ya pikipiki kwa magoti.

Hakuniona kwanza. Muuguzi anayeitwa Sylvia ndiye aliniona vile nimesimama, akanishika mkono akanipitisha jikoni, tukatokea kwa shamba la mahindi. Hakuniuliza kitu. Baadaye soja wa getini alimwambia Sylvia kwamba huyo mwanaume alikuwa anamwonyesha meseji kwa simu: "Mzazi wa (hapo jina lenu), mlete mtoto kliniki ya miguu Kagio Jumanne saa tatu. Asante." Alisema ni mke wake amemtumia amfuate.

Mama, hiyo meseji ilikuwa yangu. Laini yangu ilizima wiki ile niliyoondoka, nikadhani ni mtandao wa huku. Sasa naona haikuzima, ilihama. Unakumbuka tuliisajili na kitambulisho chako, kwa sababu mimi sikuwa nacho, na chifu alikuwa akinizungusha ati niende nikatafute kwetu. Naomba uniambie kitambulisho chako kiko wapi, na nani alikishika.

Tena naomba, usinijibu kwa simu. Ukituma kitu kwa ile namba, ni yeye anasoma.

Ni mimi mtoto wako,
Khavere, Mama Gacucu


Gakindu, 9 Februari 2025

Khavere,

Barua nimepata. Mimi niko, namshukuru Mungu. Ng'ombe alizaa dume, hata maziwa si mengi.

Lakini wewe unanishangaza. Unasema umenyamaza, na umekuwa ukiniandikia kwa simu tangu uende. Nimekuwa nikikujibu. Uliniandikia ati "Mama nisamehe nimepata mtu mwingine huku, usinitafute." Nikakuuliza na mtoto je, ukasema mtoto ako sawa, mguu umepona. Halafu ile siku nyingine ukaniambia nimwambie Wahome aje achukue mtoto kama anamtaka, uko Kagio. Niliangusha machozi hapo mbele yake. Yeye akaniambia, mama, achana na yeye, hawa watu wa mbali hawakai.

Sasa niamini gani, ile ya simu ama hii ya karatasi? Zote ziko na jina lako.

Kitambulisho yangu iko kwa mkoba yangu, hakuna mtu ameiba. Wahome alienda nayo siku moja tu kwa mambo ya maziwa akarudisha. Hata pesa ya maziwa ni yeye huniendea kuchukua, na huyo kijana wa duka la simu ni yule yule wa hapa, anajua Wahome ni wangu. Mtoto akibeba kitambulisho ya mama yake hiyo imekuwa makosa?

Kama umepata bwana, sema umepata bwana, nitamaliza kulia niendelee na kazi. Lakini mtoto ana jina langu. Usimfiche kama kuku ya kuibwa.

Mama Wahome


Kagio, 16 Februari 2025

Kwako Mama,

Nimekusalimia, na nimeona ulivyotia sahihi. Sijakasirika. Mimi pia ningesoma maneno kama hayo kwa simu ningekuchukia.

Hayo maneno si yangu. Sina bwana huku. Nalala kwa chumba kimoja na mama mwingine tunayepanga naye nyanya kwa kreti, na bwana pekee anayeingia humo ni wa kudai kodi, naye anaishia mlangoni kwa sababu Gacucu akimwona analia.

Sasa nieleze vile nimezunguka, ndipo ujue kwa nini nakuandikia wewe na si mtu mwingine.

Nilienda kwa duka la kampuni ya simu. Kijana akaniuliza laini ni ya nani, nikasema yangu. Akabonyeza, akaangalia, akasema, "Hii ni ya mama aliyezaliwa mwaka wa sitini na sita. Wewe umejitunza sana." Wenzake wakacheka. Nikamwambia huyo ni mama mkwe wangu.

"Basi mambo ya familia mmalizie nyumbani," akasema. "Sisi tunajua kitambulisho. Hatujui bibi ya nani."

Nikamuuliza, na huyo aliyepewa kadi mpya ya laini yangu, alikuja akiwa na uso wa mama wa mwaka wa sitini na sita? Akabonyeza tena. Halafu akasema hiyo ilifanyiwa duka la Gakindu, niwaulize wa Gakindu. Mama, nirudi Gakindu niulize?

Nikaenda kliniki siku isiyo Jumanne. Sylvia akasema tubadilishe namba, ni jambo dogo. Akaweka namba ya simu ya huyu mwenzangu wa chumba. Kompyuta ikasema imetuma nambari ya siri, tuiandike ndiyo ikubali. Tukangoja. Nikamuuliza, imetuma wapi? Imetuma kwa ile namba ya zamani. Ni kama mtu amekufungia ndani halafu unaambiwa ufunguo uko mfukoni mwake, mwombe. Na kwa kutuma, imemwambia saa hiyo hiyo kwamba niko pale. Nilitoka mbio na mtoto akiwa hajafungwa vizuri mgongoni.

Sylvia ana roho nzuri, hakuachia hapo. Alimpigia yule wa Nairobi ambaye kompyuta yake ndiyo hutuma hizo meseji. Akaambiwa, "Sisi kazi yetu ni kutuma. Namba tunapewa na kliniki." Mkubwa wa kliniki akasema, "Namba tunapewa na mzazi." Kwa hivyo kosa lilizunguka likafika Nairobi likarudi likanikalia mimi. Nikasema basi tumwandike mtoto upya kwa daftari, bila kompyuta. Sylvia akasema plasta ni za msaada, na bila jina kwa kompyuta haitoki hata moja. Polisi nao waliniuliza, "Huyo si bwana yako? Bwana akipata meseji ya mtoto wake, tumshike kwa nini?"

Kwa mama yangu Vihiga siwezi kwenda. Huko ndiko alinitafuta kwanza.

Sylvia alinieleza kitu kimoja nimekifikiria sana. Alisema meseji ya kawaida haina bahasha, ni karatasi wazi, inasomwa na yeyote aliye na laini, na huyo huyo anaweza kuandika kwa jina lako. Nikamuuliza, na zile zingine za intaneti tunaambiwa zina kufuli? Akasema ni kweli zina kufuli, lakini kufuli yenyewe hufunguliwa na laini. Aliyechukua laini amechukua mlango na kufuli pamoja. Ndiyo sababu ulisoma maneno ya Wahome ukasikia sauti yangu.

Mama, kwa watu wote hawa, ni mmoja tu kompyuta inakubali kwamba laini ni yake. Ni wewe. Ukienda Nyeri kwa duka kubwa la kampuni, na kitambulisho chako na kidole chako, ukasema ifungwe, itafungwa. Hakuna mwingine. Nakuomba. Gacucu bado ana plasta ile ya Jumanne ya mwisho aliyohudhuria, na vidole vimeanza kuwa vyekundu.

Mtoto wako,
Khavere


Gakindu, 2 Machi 2025

Khavere,

Watiri amenipatia barua yako kwa kituo ya maziwa, nikaificha kwa debe ya unga. Nilikaa nayo. Nilikuwa na hasira na wewe, unasema mambo ya mtoto wangu mpaka kwa polisi.

Jumapili baada ya kanisa Wahome alikuja kula kwangu. Alitundika koti kwa ule msumari nyuma ya mlango, akatoka kunipelekea ng'ombe maji. Mimi nikachukua hii simu yangu ya tochi nikaandika kwa ile namba yako, "Khavere, cucu anakusalimia." Nikatuma.

Koti ikalia.

Nikasema labda ni simu yake imeita. Nikatuma tena. Ikalia tena. Nikaenda nikaweka mkono juu ya hiyo koti, sikutoa kitu, niliweka mkono tu, nikatuma mara ingine. Ikatetemeka ndani kama kifaranga.

Akarudi, akanawa, akaketi. Tukakula. Kidogo nikaona ameenda kwa koti akarudi, mikono iko chini ya meza. Simu yangu ikaingia meseji. "Asante mama. Tuko sawa. Mtoto amelala."

Nilimuongeza maharagwe. Sijui kwa nini nilimuongeza maharagwe.

Khavere, huyu ni mtoto nilizaa. Baba yake alipoaga alikuwa darasa la tano, na ndiye alinishikia kamba ya ng'ombe siku ya mazishi kwa sababu mimi sikuweza kusimama. Nikienda Nyeri nifunge laini, atajua ni mimi. Hakuna mwingine anaweza. Wewe umesema hivyo mwenyewe.

Nilisikia kwa ukuta. Nilikuwa nasikia siku zote. Usiniharakishe.

Mama


Kagio, 6 Machi 2025

Mama,

Nakusalimia kwa haraka, Watiri amewasha kigari chake na ananingoja.

Nimetoa plasta mwenyewe. Vidole vilikuwa vimevimba, na kliniki siwezi. Nilimweka kwa besheni ya maji ya vuguvugu, nikatia siki, tukakaa humo mpaka ikalainika, nikaivua kama bendeji, vipande vipande. Alilia mpaka sauti ikaisha, akabaki akifungua mdomo tu. Chini ya plasta ngozi ni nyeupe na inanuka. Na mguu, Mama, kisigino tayari kinatazama ndani. Nikiuachilia unarudi wenyewe, polepole, kama mlango usiofunga.

Nashinda nimeushika. Nikipanga nyanya ninamweka kwa paja nikaushika na mkono mmoja. Mwenye kreti amesema nitafute kazi ya mikono miwili.

Umesema nisikuharakishe. Nakuheshimu, wewe ni mama yangu pia, na sitakutukana mtoto wako. Lakini mguu wa mtoto haujui kungoja. Mifupa yake saa hii ni laini. Sylvia anasema ikishakauka hivyo ni kisu, na kisu kina bahati yake. Atatembea kwa upande wa unyayo, na watoto watamwita jina. Watamwita kwa jina lako, Mama, wakicheka.

Wewe unaogopa kumpoteza Wahome. Mimi sitakwambia usiogope. Nakwambia tu kwamba hivi, ukinyamaza, umechagua.

Khavere


Gakindu, 16 Machi 2025

Khavere mtoto wangu,

Salamu nyingi. Huku mvua imeanza, kahawa imetoa maua, barabara ya kwetu ni matope. Mimi sijambo.

Nimeenda Nyeri. Nilimwambia Wahome naenda kwa daktari wa goti, akanibeba na pikipiki yake mwenyewe mpaka Mukurweini, akanilipia gari. Aliniambia, "Maitu, mama yangu, uliza dawa ya kupaka, si vidonge." Fikiria hiyo. Nililia njia yote, mama aliyekaa karibu na mimi akanipatia ndizi.

Duka ilikuwa na watu wengi. Msichana wa kaunta akaniita cucu, akaangalia kitambulisho, akaniambia niweke kidole.

"Cucu, hii laini ni yako?"

"Ni yangu."

"Unaitumia?"

"Sijawahi."

"Sasa inatumiwa na nani?"

Nikamwambia. Nilisema yote hapo, watu wakisikia. Nikamuuliza, nani alimpatia mtoto wangu laini ya mwanamke mwingine? Akasema, ni duka ya Gakindu. Nikasema, duka ya Gakindu iko na jina lenu limepakwa kwa ukuta. Akaita mkubwa wake. Mkubwa akasema wao hupeana kwa mwenye kitambulisho, na kitambulisho ilikuwepo. Nikamwambia kitambulisho ilikuwepo, lakini mimi sikuwepo. Akasema, "Cucu, si ulimpatia mwenyewe?"

Nilimpatia. Hapa kwetu nani hapatii mtoto kitambulisho yake? Ndivyo tunaishi.

Yule msichana alikuwa na mahali pa kuandika sababu ya kufunga, na nani anawajibika. Akaniuliza aandike nini. Kila mtu nilikuwa nimesikia akionyesha mwingine. Nikamwambia, andika mimi. Jina ni yangu, andika mimi. Akaandika. Akabonyeza, akasema, "Imeenda, cucu."

Nilirudi nikampata Wahome kwa stegi ya magari amekaa juu ya pikipiki, akigeuzageuza simu, anaitoa betri anairudisha. Aliniangalia vile nimeshuka. Hakuniuliza dawa ya goti. Alinibeba mpaka nyumbani bila kusema kitu, na mimi nimeshika koti ile.

Viatu vya chuma nimevitoa chini ya kitanda chenu. Nitavipaka mafuta ya taa vitoke kutu. Na kadi ya kliniki nimeiona kwa ile boksi ya biskuti. Nitampatia Watiri akija safari ingine.

Niguzie mguu wake.

Cucu wake


Kagio, 23 Machi 2025

Kwako Mama mpendwa,

Nimesoma barua yako nimesimama sokoni, nikaketi juu ya kreti ya mtu, akanifukuza, nikasoma tena nimesimama. Asante ni neno dogo, lakini ndilo ninalo.

Sylvia amekubali tuwe tunakwenda Ijumaa, mapema kabla ya watu. Meseji bado zinatumwa na kompyuta, zinaenda kwa laini iliyofungwa, hazifiki popote. Amesema mfumo wao unahesabu zimefika. Tulicheka, Mama. Nilikuwa sijacheka tangu mwaka uanze.

Gacucu amefungwa plasta mpya. Safari hii hakulia, alishika kidole cha Sylvia akakila. Sylvia anasema plasta zikimalizika tu, siku hiyo hiyo avae viatu, la sivyo kazi yote ni bure. Kwa hivyo nangoja viatu, na kadi.

Lakini sikupenda pale uliposema hakuuliza dawa ya goti. Mimi najua kunyamaza kwake. Lala kwa Wakonyo wa kanisa siku chache, mwambie unaumwa unataka mtu wa kukukanda. Usikae peke yako na yeye. Nakuambia hivi kama mtoto wako, na kama mtu aliyelala upande ule mwingine wa ukuta.

Mama Gacucu


Jumapili ya Pasaka, 20 Aprili 2025

Kwako Mama,

Safari hii sijaandika niko wapi. Nisamehe kwa hilo, nitakueleza.

Natumai unasoma haya mwenyewe. Natumai uko na chai karibu na mguu umeuweka juu ya stuli. Sisi tuko hai.

Watiri alikuja bila viatu. Nikadhani umechelewa na mvua. Akaja tena bila. Akasema hupeleki maziwa siku hizi, ni Wahome anapeleka, na akiulizwa anasema mama ana homa. Alienda mpaka kwa geti akaita. Wahome akatoka akasema umelala. Watiri akamwambia atarudi, naye akajibu, "Rudi, lakini yeye hulala sana."

Halafu simu ya Watiri ikaingia meseji, kutoka kwa namba yako. Kutoka kwa hii simu yako ya tochi. "Mwambie Khavere aje na mtoto. Mimi mgonjwa sana. Nimemsamehe. Viatu viko hapa aje achukue. Mama."

Mama, nilifunga nguo. Nakuambia ukweli, nilikuwa nimemfunga Gacucu mgongoni tayari. Nilifika kwa stegi. Halafu nikajiuliza, amenisamehe nini? Barua yako ya mwisho ulisema niguze mguu wake. Hakukuwa na kitu cha kusamehe. Nikarudi chumbani nikaketi, na sijui mpaka leo kama niliketi nikiwa na akili au niliketi nikikuacha ufe.

Siku iliyofuata ikaja nyingine. "Cucu anaita mtoto." Siku nyingine ikaja ndefu, ya maneno mazuri. Watiri alinisomea akilia. Nikamwambia asinisomee tena. Tulihama siku hiyo, kwa sababu Watiri alikuwa ameshajibu moja akasema "atakuja", na alikuwa amemtajia soko.

Ndiyo hali yangu. Ukiwa ni wewe kweli unaniita, mimi ni mtu mbaya kuliko wote. Ukiwa si wewe, nikija nimempelekea mtoto mlangoni. Na kwa simu, Mama, hizo mbili zinafanana. Herufi ni zile zile. Hazina mkono wa mtu ndani.

Watiri alienda kwa polisi wa huko akawaomba waje wakuangalie. Wakamuuliza yeye ni nani wako. Akasema ni mnunuzi wa ndizi. Wakamwambia mgonjwa ana mtoto wake nyumbani.

Kwa hivyo nimempatia barua hii Wakonyo, nimemtumia kwa mkono wa Watiri. Wiki hii ya Pasaka kina mama wa kanisa huzunguka kuombea wagonjwa, na hakuna mtu Gakindu anaweza kuwafungia geti hao wamevaa vitambaa vyao wakiimba. Nimemwomba akiingia akupatie ndani ya kitabu cha nyimbo, na akuangalie uso na mikono. Bahasha nimeifunga na uji na uzi wa kreti. Ikiwa imefunguliwa utaona.

Na kama imefunguliwa na wewe, Wahome, basi soma mpaka mwisho. Sikuchukii. Uliwahi kuamka mapema ukampaka mtoto mafuta kwa huo mguu ukamwita kama mama yako: "Maitu, utakimbia." Nilikuona. Huyo mtu kama bado yuko ndani, amfungulie mama yake mlango. Mimi sitarudi. Laini uliichukua kwa sababu kila mtu alisema si kazi yake kukuuliza. Mimi nakuuliza. Mama yuko wapi?

Mama, plasta ya mwisho inatolewa Ijumaa ijayo. Mguu umenyooka, ungeuona, kisigino kimekaa chini kama cha mtu yeyote. Lakini Sylvia anasema usipofungwa viatu hiyo siku, utaanza kurudi.

Basi haya ndiyo ninayohitaji bado, na Wakonyo atayabeba chini ya leso. Viatu vya chuma vyote viwili, pamoja na kile chuma cha katikati kinachovishika, na ile spana ndogo ya kukaza. Kadi ya kliniki, iko kwa boksi ya biskuti. Karatasi yake ya kuzaliwa. Sweta ya bluu uliyomfumia, kama haijaliwa na panya, huku kuna baridi. Kitambulisho chako usinipe hata nakala, kaa nacho, usimpe mtu.

Na kipande cha karatasi, hata cha kufungia sukari, ulichoandika wewe kwa kalamu. Usiandike mengi ukiwa huna nguvu. Mwandiko wako naujua, hiyo G yako hukaa kama ndoano ya kutundikia ndoo, hakuna simu inaweza kuiiga. Andika jina tu, hilo moja mnaloitwa wewe na yeye, ambalo sijawahi kukuandikia mpaka leo. Andika Ngendo.

Khavere, mtoto wako